Iginla: Mti mkubwa uliorudi nyumbani bila kombe

USIKU wa Machi 2, 2019, katika mji wa Calgary, magharibi mwa Kanada, watu zaidi ya 19,000 walijaa kwenye ukumbi wa Saddledome kushuhudia bango lenye namba 12 likipandishwa darini. Maana yake ni kwamba hakuna mchezaji mwingine wa timu ya Calgary Flames atakayevaa namba hiyo tena. Mwenye namba, Jarome Iginla, alisimama kwenye zulia pamoja na mkewe na watoto wao watatu akitazama juu.

Sherehe ilipokwisha, timu ilicheza na Minnesota Wild na kufungwa mabao 4-2. Siku nyingine wenyeji wangerudi nyumbani wamenuna. Usiku ule matokeo ya mechi yalisahaulika kabla watu hawajafika kwenye magari yao.

Kinachoshangaza ni kwamba mtu aliyepewa heshima hiyo alicheza misimu 20 katika ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, NHL, bila kutwaa Kombe la Stanley hata mara moja. Mwaka 2013 aliondoka Calgary kwenda kulitafuta kwingine. Alipita timu nne katika miaka minne, akarudi mikono mitupu. Mji ule ule ukamfungulia milango na kumpandisha darini.

Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Lakini hao hao walisema mcheza kwao hutunzwa. Makala haya yanahusu misemo hiyo miwili na mtu mmoja aliyesimama katikati yake.

KWA NINI NAWAANDIKIA HAYA

Najua wasomaji wa ukurasa huu wengi ni watu waliorejea nyumbani kutoka mbali, au wanaoishi kwa kuvuka mpaka na mizigo, iwe Kobero, Rusumo au Mutukula. Mtauliza, hoki ya barafuni inatuhusu nini sisi ambao barafu tunaiona kwenye friji?

Wauza mitumba watanielewa haraka. Kwenye robota za nguo kutoka Amerika hukosi jezi kubwa nyekundu, ndefu kama kanzu, yenye herufi C inayowaka moto kifuani. Wateja hudhani ni ya kampuni ya gesi. Hiyo ndiyo jezi ya Calgary Flames. Ukiigeuza nyuma ukakuta namba 12, jina lililoandikwa juu yake ni la Kiafrika.

Mimi niliishi Calgary kuanzia Oktoba 2003 hadi nilipopanga mizigo kurejea Burundi. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, zamu ya usiku, na hoki niliijua kwa sababu kazini haikuwepo habari nyingine ya kuzungumza. Usiku wa sherehe sikuwa ukumbini, kwa kuwa bei ya tiketi ilikuwa juu ya uwezo wangu. Tulitazama kwenye televisheni ya chumba cha mapumziko, Wakanada, Wafilipino, Wasudani na sisi wa Maziwa Makuu, na mabishano yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike.

MCHEZO WENYEWE

Kwa wasioufahamu, hoki ya barafuni ni ndugu wa mchezo wa magongo unaochezwa Nairobi na Kampala, ila uwanja wake ni barafu iliyogandishwa ndani ya ukumbi. Kila upande una watu sita pamoja na kipa. Wanavaa viatu vyenye makali ya chuma chini na kuteleza kwa kasi ya pikipiki. Mahali pa mpira kuna kisahani cheusi cha mpira mgumu, chenye upana wa sentimita 7.6, na kikikupiga mdomoni meno yanabaki barafuni.

Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Wachezaji wawili wakivua glavu na kupigana ngumi, mwamuzi huwaweka nje dakika tano, kisha wanarudi kuendelea na kazi. Mgeni huduwaa, mwenyeji hupiga makofi.

Kombe la Stanley lilianza kushindaniwa mwaka 1893. Kulipata si rahisi. Baada ya msimu mzima wa mechi 82, timu 16 huingia kwenye mtoano wa raundi nne, na katika kila raundi lazima umshinde mpinzani wako mara nne. Yaani ushindi 16 juu ya msimu mzima, miili ikiwa imeshachoka.

JINA LA MGONGONI

Iginla alizaliwa Julai 1, 1977 mjini Edmonton, siku ambayo Kanada huadhimisha taifa lake. Baba yake ni Mnaijeria aliyefika nchini humo akiwa na umri wa miaka 18. Alikuja akiitwa Adekunle, akajiita Elvis ili watu wapya wapate kulitamka jina lake, akasoma hadi akawa mwanasheria. Mama yake, Mmarekani mzungu, alikuwa mwalimu wa muziki.

Wazazi waliachana mtoto akiwa bado mdogo sana. Jarome alilelewa na mama katika mji mdogo wa St. Albert, na babu na bibi wazaa mama ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kumpeleka mazoezini asubuhi za baridi kali. Baba naye hakumtupa mwanawe.

Alianza kama kipa kabla ya kuwa mshambuliaji, na kulikuwa na sababu. Edmonton wakati huo ilikuwa na kipa mweusi, Grant Fuhr, aliyetwaa Kombe la Stanley mara tano na timu ya Edmonton Oilers. Watoto wenzake walipomwambia kwamba mchezo ule hauna watu weusi, yeye alikuwa na jibu mkononi. Akiwa mtu mzima amesema mara nyingi hadharani jinsi kumwona Fuhr kulivyomsaidia kuamini kwamba na yeye anaweza.

Dereva mmoja wa teksi, Mnaijeria, ndiye aliyenieleza kwamba kwa Kiyoruba Iginla maana yake ni mti mkubwa. Alikuwa akilitamka kwa fahari kana kwamba ni la ukoo wake.

Mnaojua maisha ya ugenini mtaelewa uzito wa jambo hili. Majina yetu marefu kule yalikatwakatwa yakabaki herufi mbili au tatu, msimamizi apate kuita haraka. Hata Iginla walimfupisha wakamwita Iggy. Lakini mgongoni jina liliandikwa zima, na watoto wa Kizungu walilinunua na kulivaa kwenda nalo shuleni.

BIASHARA YA MWAKA 1995

Wafanyabiashara, hapa mtege sikio. Kwenye ligi ile wachezaji hubadilishwa kama bidhaa, mali kwa mali, bila wao kuulizwa. Vijana wapya hugawiwa kwa zamu kila mwaka, na mwaka 1995 Dallas Stars walimchukua Iginla akiwa wa 11 kwenye orodha.

Calgary wakati huo walikuwa na nyota wao, Joe Nieuwendyk, aliyefunga mabao 51 katika kila mmoja wa misimu yake miwili ya kwanza na kutwaa kombe la mwaka 1989 na timu hiyo. Alikuwa akivutana na viongozi kuhusu mkataba. Desemba 1995 Calgary wakampeleka Dallas, na wao wakapokea mchezaji wa kawaida aitwaye Corey Millen pamoja na kijana wa miaka 18 ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya ligi kuu.

Mashabiki walikasirika. Ilikuwa kama kumtoa ng'ombe wa maziwa na kupewa ndama.

Miaka minne baadaye, 1999, Dallas walitwaa Kombe la Stanley, na Nieuwendyk ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mtoano. Kwa hesabu ya haraka, Dallas walipata faida na Calgary walipata hasara.

Lakini biashara nyingine haihesabiwi siku ya soko. Yule ndama alikaa Calgary hadi 2013, akacheza mechi 1,219 na kufunga mabao 525, akawa kinara wa timu kwa mechi, kwa mabao na kwa pointi. Mwaka 2003 alikabidhiwa unahodha, akiwa mmoja wa watu weusi wa kwanza kuongoza timu katika historia ya ligi hiyo. Dallas walipata kombe moja. Calgary walipata mtu.

Mzee mmoja kazini, mwenyeji wa Calgary, alikuwa akisema kwamba hata leo angeulizwa achague kati ya kombe lile na miaka ile ya Iginla, angeomba apewe usiku mmoja afikirie. Sidhani kama alikuwa anatania.

DHAHABU NA VYUMBA VYA HOTELI

Msimu wa 2001/02 ndio uliomtambulisha kwa dunia. Alifunga mabao 52, akaongoza ligi kwa mabao na kwa pointi, na wachezaji wenzake wakampigia kura kuwa bora wa msimu.

Februari 2002 aliitwa kwenye timu ya taifa kwa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Salt Lake City, Marekani. Fainali ilikuwa Kanada dhidi ya wenyeji. Kanada walishinda 5-2, Iginla akapachika mawili. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya hoki ya wanaume kwa Kanada baada ya miaka 50. Aidha, Iginla akawa mwanamume mweusi wa kwanza duniani kupata dhahabu ya michezo ya baridi. Mwanamke mweusi wa kwanza, Vonetta Flowers wa Marekani, alikuwa ameipata siku chache tu kabla, kwenye michezo hiyo hiyo.

Hata hivyo, ukiwauliza watu wa Calgary kuhusu Salt Lake City, wengi hawaanzi na mabao. Wanaanza na hadithi ya vijana wanne mashabiki waliosafiri kutoka Calgary na kukaa meza ya jirani na Iginla. Katika mazungumzo akagundua kwamba wanalala ndani ya gari nje ya hoteli. Akaaga kidogo, akaenda mapokezi, akawalipia vyumba kwa fedha zake.

Miaka minane baadaye, Februari 28, 2010, Kanada na Marekani walikutana tena kwenye fainali ya Olimpiki mjini Vancouver. Muda wa nyongeza, 2-2. Sidney Crosby alikuwa akikimbilia goli huku akipaza sauti kumwita Iggy. Iginla, akisukumwa na beki na tayari anaanguka, akasukuma pasi. Crosby akafunga. Kanada nzima inalikumbuka bao la Crosby, na Calgary inakumbuka nani alikuwa chini barafuni wakati nyavu zinatikisika.

MWAKA TULIOKARIBIA

Nilifika Calgary wakati mwafaka bila kujua. Timu ilikuwa haijaingia kwenye mtoano kwa misimu saba mfululizo. Msimu wa 2003/04 ikaingia, ikawatoa Vancouver, ikawatoa Detroit, ikawatoa San Jose, ikafika fainali. Barabara ya 17 iligeuka mto wa nguo nyekundu, na watu wakaibatiza Maili Nyekundu. Mimi mgeni, Kiingereza changu cha kuokoteza, nilikumbatiwa barabarani na watu ambao siku za kawaida wasingenisalimia.

Fainali ilikuwa dhidi ya Tampa Bay Lightning. Katika mechi ya tatu Iginla alivua glavu akapigana na nyota wao, Vincent Lecavalier, kisha akafunga bao na Calgary wakashinda. Ndivyo alivyokuwa, ngumi kwa mkono huu na bao kwa mkono ule.

Baada ya mechi tano Calgary walikuwa mbele 3-2. Juni 5, 2004, nyumbani Saddledome, walihitaji ushindi mmoja tu. Ikiwa 2-2 katika kipindi cha tatu, kisahani kiligonga kiatu cha Martin Gelinas, kipa akakizuia kwa mguu, na picha za televisheni zilionyesha kana kwamba kilikuwa kimeshavuka mstari. Mchezo haukusimamishwa, bao halikutolewa. Katika muda wa nyongeza wa pili Martin St. Louis akaifungia Tampa Bay. Siku mbili baadaye Tampa Bay wakashinda mechi ya saba 2-1 na kubeba kombe.

Hadi leo ukisema jina la Gelinas katika kinyozi chochote cha Calgary, wembe unasimama.

Msimu uliofuata ulifutwa wote kwa sababu ya mgogoro wa mishahara kati ya wachezaji na wenye timu. Kisha, kuanzia 2006 hadi 2009, Calgary walitolewa raundi ya kwanza kila mwaka. Baada ya hapo hawakuingia kabisa. Nahodha aliendelea kufunga, bao la 500 likapatikana Januari 2012, huku timu ikizeeka mikononi mwake.

KUTOKA KWENDA KUTAFUTA

Kufikia Machi 2013 Iginla alikuwa na miaka 35. Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika. Kundi moja lilitaka aachiwe aende akatafute kombe kabla jua halijazama. Jingine liliona kwamba nahodha haachi meli. Na wapo waliowalaumu viongozi kwa kumchelewesha, maana mali ukiikalia muda mrefu hushuka bei.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Kwa mtu aliyefunga mabao 525, Calgary walipokea vijana wawili na nafasi ya kuchagua chipukizi mmoja, na hakuna kati ya hao aliyekuwa nguzo ya timu. Soko halina kumbukumbu ya mema.

Kuondoka kwenyewe kulikuwa na vituko. Usiku mmoja habari zilienea kwamba amekwenda Boston, asubuhi tukaamka tukasikia ni Pittsburgh. Mkataba wake ulimpa haki ya kukubali au kukataa, naye alichagua Pittsburgh, timu ya Crosby, ambayo wengi waliona ndiyo itakayotwaa kombe. Kwenye nusu fainali Pittsburgh wakakutana na Boston wale wale aliowakataa. Boston wakashinda 4-0.

Msimu uliofuata akajiunga na Boston. Alifunga mabao 30 na timu ikaongoza ligi nzima kwa pointi, kisha ikatolewa na Montreal raundi ya pili. Akaenda Colorado, miaka karibu mitatu, ambako Januari 2016 alifunga bao la 600. Machi 2017 akapelekwa Los Angeles. Msimu ukaisha bila hata mtoano. Kila mlango aliobisha, kombe lilikuwa limeshatoka au halijafika.

Julai 30, 2018 aliitisha waandishi wa habari na kutangaza kwamba anatundika viatu vyake. Angeweza kufanya hivyo popote. Alirudi Calgary, kwenye ukumbi ule ule wa Saddledome.

MASHABIKI WANABISHANA

Usiku ule wa 2019, bango lilipofika juu, mwenzetu mmoja Mfilipino alisema bila aibu kwamba haelewi. Kwao bondia anayeheshimiwa ni mwenye mkanda. Mtu asiye na kombe analiliwa nini?

Yule mzee mwenyeji alimjibu kwa hesabu. Mabao 625, pasi za mabao 675, pointi 1,300 juu ya alama. Mfilipino akasema hizo ni namba, si kombe.

Mama mmoja mwenye asili ya Eritrea, aliyekuwa akisafisha ofisi za juu, aliweka jambo jingine mezani. Kuanzia msimu wa 2000/01 Iginla alikuwa akitoa dola 1,000 kwa kila bao alilofunga, na baadaye dola 2,000, kwa KidSport, mfuko unaowalipia ada za michezo watoto wa familia zisizo na uwezo. Hadi anaondoka Calgary fedha hizo zilikuwa zimepita dola 700,000. Hoki ni mchezo wa gharama. Viatu, kofia, kinga za kifua na magoti, ada ya uwanja, vyote kila mwaka kwa kuwa mtoto anakua. Familia za wageni ndizo zilizokuwa zikisimama nje ya dirisha. Kwa mama yule, kila bao lilikuwa na mtoto nyuma yake, na mtoto huyo hajali kombe limekwenda wapi.

Msudani mmoja alikuwa mkali zaidi. Alisema Iginla alitukimbia mwaka 2013, na asingekuwa amekimbia heshima ingekuwa kubwa zaidi. Hapo chumba kizima kilimgeukia. Nilikumbuka Desemba 2013, siku aliporudi Calgary kwa mara ya kwanza akiwa na jezi ya Boston. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi, na baada ya mechi alizunguka barafu akiwapungia mkono, ingawa timu yake mpya ndiyo iliyokuwa imewafunga 2-1. Watu waliokimbiwa hawafanyi hivyo.

Mimi niliegemea upande wa mama wa Kieritrea, lakini kwa sababu yangu. Kombe hushindwa na kundi, na bahati hukaa humo ndani. Kiatu cha Gelinas kingegeuka sentimita chache, pengine tungekuwa tunaandika habari nyingine. Lakini jinsi mtu alivyokaa na watu miaka 16, hilo halina mwamuzi wa kulikosea.

MTI UNAENDELEA KUZAA

Heshima nyingine zilifuata. Aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki mjini Toronto katika kundi la mwaka 2020, mara ya kwanza tu jina lake kuruhusiwa kupigiwa kura, ingawa sherehe zilisogezwa hadi Novemba 2021 kwa sababu ya korona. Ni mchezaji mweusi wa nne kuingia humo, baada ya Grant Fuhr, Angela James na Willie O'Ree, yule aliyefungua njia mwaka 1958 akiwa mweusi wa kwanza kucheza NHL. Mtoto aliyekuwa akimtaja Fuhr ili wenzake wanyamaze, sasa anakaa naye chumba kimoja.

Mwaka 2023 Flames walimrudisha kazini kama mshauri wa meneja mkuu. Meneja huyo ni Craig Conroy, rafiki yake wa tangu barafuni, ndiye aliyekuwa amemwachia unahodha mwaka 2003.

Juni 2024 mwanawe, Tij, alichaguliwa akiwa wa sita katika ugawaji wa vijana wapya wa NHL na timu ya Utah, yenye makao Salt Lake City, mji ule ule ambao baba alipata dhahabu. Jina la Kiyoruba linaendelea kupanda mgongoni.

Na kwa wanaodhani barafu si yetu, wafanyabiashara wanaofika Nairobi wanalijua jengo la Panari kwenye Barabara ya Mombasa. Humo ulijengwa uwanja mdogo wa barafu, na humo ikazaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018, mwaka ambao Iginla alistaafu, vijana hao walisafirishwa hadi Kanada na kucheza pamoja na Sidney Crosby mwenyewe, yule yule aliyepokea pasi ya Vancouver.

UMELETA NINI?

Ndugu msomaji uliyerejea, unalijua swali la kwanza tunaloulizwa. Haliwi "habari za siku nyingi". Ni "umeleta nini?" Wanaangalia nyuma yako kama kuna gari, wanangoja wasikie kiwanja kiko wapi, nyumba ina vyumba vingapi. Aliyerudi na begi moja hupewa kiti, lakini hakiletwi karibu.

Nawajua watu wawili waliobaki Calgary, umri umekwenda, magoti yamekwisha, wanatamani sana kurudi. Hawarudi kwa sababu ya swali hilo. Mmoja alinitamkia wazi kwamba ataonekana vipi kijijini baada ya miaka 20 bila hata bati moja. Alilea watoto wanne wa marehemu dada yake kwa fedha za kutuma kila mwezi. Wawili ni walimu leo, mmoja ana duka. Hiyo haionekani nyuma ya mtu anaposhuka kwenye basi.

Sisemi mali haina maana. Nauza vitenge siku hizi kati ya Kobero na Bujumbura, najua thamani ya faranga na najua mkono mtupu unavyotazamwa dukani. Ninachosema ni kwamba mji wa Calgary, wenye watu wanaopenda kushinda kuliko chakula, ulimtazama mtu aliyekwenda kutafuta na kukosa, ukahesabu aliyoyafanya kabla hajaondoka, ukasema huyu ni wetu.

Nimempigia simu yule mwenzangu wa Calgary juma lililopita, nikamwambia watoto wa dada yake wanauliza mjomba anakuja lini. Aliuliza kama kweli wanauliza hivyo, au wanauliza anakuja na nini. Nikamwambia aje asikie mwenyewe.